Kauli 401 kwa ukurasa mmoja: je, Hibernate ndiyo ya kurekebishwa?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Ninatengeneza mfumo wa SACCOS kwa Java. Natumia Spring Boot na Hibernate, hifadhidata ni PostgreSQL. Ukurasa wa mikopo unaonyesha mikopo 200, kila mmoja na jina la mwanachama na marejesho yake. Nikiwasha logi za SQL naona kauli 401. Nimeweka `EAGER` kwenye `@ManyToOne`, idadi haikushuka hata moja. Kwenye kompyuta yangu ukurasa unafunguka vizuri, kwenye seva unasuasua. Naona hii ni kasoro ya Hibernate, na kwa kuwa ni programu huria nataka niirekebishe humohumo ndani, iwe inaunganisha majedwali yenyewe. Nimeshusha msimbo wake nikapotea. Mwenzangu anasema watu wa nje hawasikilizwi kule, bora tuandike chombo chetu kidogo. Nianzie wapi?"*

Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili ukayafunga kwa kamba moja. La kwanza: kwa nini mfumo wako unatuma kauli 401? La pili: mtu aliye nje ya mradi anaingizaje mabadiliko ndani ya Hibernate, chombo hiki cha Java kinachogeuza mistari ya hifadhidata kuwa obijekti? Yote mawili yana majibu mazuri, ila jibu la la kwanza litakuvunja moyo kidogo: hukukuta kasoro. Nasema hivyo mapema kwa sababu ukipeleka kiraka ulichokuwa unakiwaza, kitakataliwa, halafu utaamini maneno ya mwenzako kwamba hawasikilizi watu.

Tuzihesabu hizo kauli. Moja imeleta mikopo 200. Kila mkopo una mwanachama wake, na Hibernate imekwenda kumchukua kila mmoja kwa kitambulisho chake: hizo ni 200. Kisha ukurasa ukapita juu ya orodha ya marejesho ya kila mkopo, nayo ikafunguliwa pale ilipoguswa: 200 nyingine. Jumla 401. Hakuna iliyotumwa kimakosa; kila moja imetumwa kwa sababu ramani yako ya klasi na kauli uliyoandika viliiagiza.

Sasa hiyo `EAGER`. Hukubadilisha chochote, kwa kuwa `@ManyToOne` ni `EAGER` tangu mwanzo usipoandika neno. Na hata ungeweka `LAZY`, yaani data iletwe pale tu inapoguswa, idadi kwenye ukurasa huu ingebaki ileile, maana unasoma jina la kila mwanachama. Wengi hudhani neno hilo linaeleza *namna* ya kuleta data, kumbe linaeleza *wakati* tu. Linasema: mwanachama awepo kabla hujakabidhiwa mkopo. Ukiutafuta mkopo mmoja kwa `find()`, Hibernate ina uhuru wa kuunda SQL yenyewe, kwa hiyo huunganisha majedwali na kumaliza kwa safari moja. Lakini ukiandika `select m from Mkopo m`, umeshaamua umbo la kauli wewe. Inaiheshimu kama ulivyoiandika, inaleta mikopo, halafu inakumbuka kwamba wanachama lazima wawepo, na inawafuata mmoja mmoja.

Kanuni hiyo ya `EAGER` haikutoka kwenye vichwa vya watu wa Hibernate. Gavin King alianzisha mradi huu mwaka 2001, wakati watu wamechoshwa na ugumu wa entity beans za EJB, njia ya zamani ya Java ya kuhifadhi data, na toleo la 3 la Hibernate lenyewe liliufanya uvivu, yaani `LAZY`, kuwa desturi kwa uhusiano wote. Vipimo vya JPA, yaani kanuni za pamoja za vyombo vya Java vya aina hii, vilivyotoka mwaka 2006, ndivyo vilivyoamua kwamba uhusiano wa kwenda kwa mmoja uje papo hapo. Hibernate inatekeleza vipimo hivyo, ambavyo leo vinaitwa Jakarta Persistence, na ili ihesabiwe kuwa inavifuata ni lazima ipite majaribio yake. Kubadilisha hilo kimyakimya ni kuvunja mifumo ya watu wengi wanaolitegemea. Mimi binafsi naiona kanuni hiyo kuwa mbaya, na kila `@ManyToOne` ninayoandika huipa `LAZY` kwa mkono. Lakini kutoipenda kanuni hakuigeuzi kuwa kasoro.

Je, kwa nini chombo kisiunganishe majedwali chenyewe kikiona utahitaji data? Kwanza, hakijui kama utaihitaji. Pili, na hili ndilo zito, kuunganisha kuna gharama ambayo haionekani mpaka data ikue. Chukulia kila mkopo una marejesho 12. Ukiunganisha, mikopo 200 inarudi kama mistari 2,400, na taarifa za mkopo uleule zinarudiwa mara 12. Ongeza wadhamini 3 kwa kila mkopo katika kauli hiyohiyo: kila rejesho linazidishwa na kila mdhamini, unapata mistari 7,200 kwa ajili ya ukurasa wa mikopo 200. Ndiyo maana ukijaribu kuleta orodha mbili za aina ya `List` kwa pamoja Hibernate hukutupia `MultipleBagFetchException`. Watu huikasirikia, kumbe inawaokoa. Tena ukiomba kurasa, tuseme mikopo 20 ya kwanza, huku umeunganisha orodha, hifadhidata haiwezi kukata kwa hesabu ya mikopo, inakata kwa mistari. Kwa hiyo Hibernate hulazimika kuleta kila kitu na kukata ndani ya kumbukumbu ya seva, ikiandika onyo kwenye logi. Washa `hibernate.query.fail_on_pagination_over_collection_fetch` ili onyo hilo liwe kosa la wazi. Ni afadhali programu ianguke mezani kwako kuliko seva iishiwe kumbukumbu siku ya mwisho wa mwezi.

Umesema kwenye kompyuta yako hakuna shida. Hiyo ni hesabu ya umbali tu. Hifadhidata ikiwa kwenye mashine hiyohiyo, safari moja inaweza kuchukua milisekunde 0.2, kwa hiyo safari 401 ni kama milisekunde 80 na jicho halioni. Ikiwa seva ya programu na ya hifadhidata zimetenganishwa na safari inakuwa milisekunde 2, tayari umepoteza milisekunde 802 njiani kabla hujahesabu kazi yenyewe, na muda wote huo umeshikilia muunganisho mmoja ambao mtumiaji mwingine anausubiri. Spring Boot inakuficha zaidi, kwa sababu `spring.jpa.open-in-view` imewashwa tangu mwanzo na kauli zinaendelea kutumwa hata wakati ukurasa unachorwa. Izime kwenye mradi mpya. Kwenye mradi wa zamani izime ukiwa na nafasi, kwa sababu utakutana na `LazyInitializationException`, kosa la kugusa data ya `LAZY` baada ya kikao kufungwa, sehemu ambazo hukuzitarajia.

Dawa ya ukurasa wako ni fupi. Andika `select m from Mkopo m join fetch m.mwanachama`, kuunganisha kuelekea kwa mmoja hakuzidishi mistari. Kwa marejesho weka `spring.jpa.properties.hibernate.default_batch_fetch_size=50`, na Hibernate itayachukua kwa mafungu ya mikopo 50: kauli 4 badala ya 200. Jumla kauli 5. Na kama ukurasa unaonyesha salio tu, usilete marejesho kabisa. Andika kauli inayojumlisha kwa `sum()` na kurudisha `record` yenye sehemu unazozihitaji tu. Hifadhidata inajua kujumlisha kuliko wewe na mimi, na obijekti ambayo hukuileta haihitaji kuchunguzwa kama imebadilika. Kumbuka kwamba kwa kila obijekti iliyo mikononi mwake Hibernate hutunza nakala ya thamani za mwanzo, kisha inapofika wakati wa kuandika hulinganisha sehemu kwa sehemu. Kwa ukurasa wa kusoma tu, hiyo ni kazi ya bure.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo lililonifurahisha. Hamu yako ya kuchangia isife kwa sababu mfano ulioanza nao haukuwa kasoro.

Mwenzako hajakosea kabisa. Mradi huu umeongozwa kwa miaka mingi na watu walioajiriwa kuufanya: JBoss iliwachukua waandishi wake wakuu mwaka 2003, na Red Hat ikainunua JBoss mwaka 2006. Maamuzi makubwa ya muundo yanafanywa na wachache wanaokaa na msimbo huo kila siku. Lakini mlango uko wazi. Mwaka 2024 Hibernate ilijiunga na Commonhaus Foundation, na toleo la 7 la mwaka 2025 likahama kutoka leseni ya LGPL kwenda Apache 2.0. Anayetazama kiraka chako haulizi umesoma chuo gani wala unaishi nchi gani. Anauliza swali moja: jaribio liko wapi?

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu huja na suluhisho badala ya kuja na jaribio. Kwa mtunzaji wa mradi, maelezo ya "Hibernate yangu inafanya hivi" ni kazi mpya aliyobebeshwa: atunge klasi, akisie ramani, akisie toleo. Jaribio dogo linaloanguka ni kinyume chake. Akiliendesha na likaanguka, mjadala wa kama kasoro ipo au haipo umekwisha. Mradi una kiolezo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kiitwacho `hibernate-test-case-templates`, na ndani yake kuna mifupa tayari inayotumia H2, hifadhidata inayoishi ndani ya kumbukumbu. Unaweka klasi mbili, unaandika mistari kumi, unaendesha. Punguza mpaka usipoweza kupunguza tena: ondoa Spring, ondoa Lombok, ondoa kila sehemu isiyohusika. Katika kupunguza huko, mara nyingi utagundua kosa lilikuwa kwenye ramani yako, na utakuwa umejiokoa na aibu ndogo.

Kabla ya hapo tazama toleo lako. Ukiwa bado kwenye Spring Boot 2 unatumia Hibernate 5, na kati yake na 6 kuna pengo kubwa. Hibernate 5.0 ilitoka 2015, 6.0 ikaja Machi 2022, na injini nzima ya kutafsiri kauli imeandikwa upya. Kichochezi kimojawapo kilikuwa jambo linaloonekana dogo: zamani matokeo ya JDBC, njia ya Java ya kuzungumza na hifadhidata, yalisomwa kwa majina ya safu, na watengenezaji walitaka yasomwe kwa nafasi, kwa kuwa ni haraka zaidi. Badiliko hilo moja lilikwenda mpaka kwenye misingi. Kwa hiyo kasoro ya 5 huenda imeshakufa, na anayepokea taarifa yako atakuomba kwanza uijaribu kwenye toleo jipya. Jiandae pia kubadilisha majina ya vifurushi kutoka `javax.persistence` kwenda `jakarta.persistence`.

Kupotea kwako ndani ya msimbo ni jambo la kawaida. Hakuna anayeusoma kutoka juu hadi chini. Shika njia ya kauli moja na uifuate. Maandishi ya HQL, lugha ya kauli ya Hibernate, yanasomwa kwa sarufi ya ANTLR, chombo cha kuchanganua lugha, na kugeuzwa mti wa maana, ambao utaukuta kwenye `org.hibernate.query.sqm`. Mti huo unageuzwa kuwa mti wa SQL kwenye `org.hibernate.sql.ast`. Kisha lahaja ya hifadhidata husika, kwenye `org.hibernate.dialect`, inauandika kama SQL ambayo PostgreSQL au Oracle inaielewa. Weka kituo cha kusimamisha programu mahali kauli inapotumwa, endesha jaribio lako, halafu panda ngazi ya miito kurudi nyuma. Utajifunza zaidi kuliko kwa kusoma mafaili. Angalia pia majina ya vifurushi: chenye `internal` kinaweza kubadilika wakati wowote, chenye `spi` ni cha wanaounganisha vyombo vingine, na vilivyobaki ni ahadi kwa watumiaji. Kiraka kinachogusa ahadi hupimwa kwa mizani kali zaidi.

Neno moja kuhusu bando, kwa sababu najua linavyoisha. Historia ya mradi huu ni ndefu, na kuushusha wote kunauma. Watu hukimbilia `--depth 1`, inayoleta badiliko la mwisho tu, ila utapoteza kitu chenye thamani kuliko yote: ujumbe wa kila badiliko huanza na namba ya HHH, na namba hiyo hukupeleka kwenye Jira, daftari la tiketi za mradi, palipo na sababu ya mstari huo kuwepo. Tumia `git clone --filter=blob:none`, unapata historia bila mafaili yote ya zamani. Usijenge mradi mzima pia. `./gradlew :hibernate-core:test --tests` na jina la jaribio lako inatosha kwa kuanzia, na baada ya mara ya kwanza vifurushi vingi vitakuwa vimeshahifadhiwa kwenye mashine yako.

Ukishapata kasoro ya kweli, itafute kwanza Jira, kwa maneno ya kosa lenyewe. Isipokuwepo, fungua tiketi, ambatisha jaribio. Ukitaka kuirekebisha mwenyewe, liweke jaribio ndani ya `org.hibernate.orm.test` na ulipe `@JiraKey` yenye namba ya tiketi. Utakuta `@DomainModel` ya kutaja klasi zako na `@SessionFactory` ya kukufungulia kikao. Na kwa mtu mwenye kero ya idadi ya kauli kama wewe, kuna `useCollectingStatementInspector`, inayokuwezesha kudai kwamba kauli zilizotumwa ni moja tu, si 401. Tengeneza tawi, rekebisha kidogo iwezekanavyo, usipange upya mafaili ambayo hukuyagusa, kisha peleka ombi la kuunganisha tawi lako (pull request). Majaribio yatapitishwa kwenye hifadhidata nyingi, na hapo utashangaa: kilichopita kwenye H2 kinaweza kuanguka Oracle, ambayo huchukulia maandishi matupu kuwa `null`. Usione haya, hata waliozoea huangushwa na hilo.

Kama huna kasoro mkononi, lahaja ndiyo sehemu ninayoipendekeza kwa mgeni: kitendakazi ambacho hifadhidata fulani inacho na Hibernate haijui, au SQL inayotoka vibaya kwenye hifadhidata moja tu. Eneo ni dogo na jaribio ni rahisi. Nyaraka nazo zinahitaji mikono, ziko kwenye AsciiDoc ndani ya ghala hilohilo. Ile sehemu ya kuandika kwenye hifadhidata, yaani `ActionQueue` na mpangilio wa kauli za kuingiza na kufuta, iache kwanza. Inaonekana nyepesi, lakini badiliko dogo pale linavunja vitu ambavyo hukujua vimeegemea hapo.

Na kimya je? Kitakuwepo. Kiraka kinaweza kukaa wiki kadhaa bila neno. Uliza kwa upole kwenye Zulip, jukwaa la mazungumzo la mradi, ukitaja namba ya tiketi, usitawanye ujumbe kila mahali. Wakikataa, soma sababu kabla hujajibu.

Kuhusu kuandika chombo chenu: juma la kwanza litakuwa tamu. Mtasoma mistari na kuigeuza obijekti, mtaona ni kazi ya siku mbili. Kisha mkopo uleule utaletwa na kauli mbili na mtakuwa na obijekti mbili zinazopingana. Kisha watumishi wawili watabadilisha mkopo mmoja kwa wakati mmoja. Kisha utataka kuingiza mistari 10,000 kwa mafungu na kukuta kitambulisho cha aina ya `IDENTITY`, kinachotolewa na hifadhidata mstari unapoingizwa, kinakuzuia. Hapo mtakuwa mnaandika Hibernate kwa mara ya pili, bila wale waliokwisha kuumia kwa niaba yenu. Kama tatizo lenu ni kwamba mnapenda SQL na hamtaki kufichwa, hiyo ni hoja halali kabisa, na jOOQ na MyBatis vipo kwa ajili yake. Vinaweza pia kukaa kwenye mradi mmoja na Hibernate. Kuchukua msimbo wa Hibernate na kuutunza kivyenu ni chaguo la mwisho. Kila toleo jipya la usalama litakuwa deni lenu.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyatibu kwa maandishi. Ukifika kauli 5 na seva bado inasuasua, tatizo halipo tena Hibernate: tafuta msimamizi wa hifadhidata akae na wewe mezani, mwendeshe `explain analyze`, inayoonyesha hifadhidata inavyotekeleza kauli, mtazame faharasa na kufuli. Ukiona salio la mwanachama halilingani na marejesho yake, simamisha mabadiliko na mwite mtu siku hiyohiyo. Hizo ni fedha za watu. Kabla ya kuchangia msimbo ulioandika saa za kazi, soma mkataba wako, na kama haueleweki muulize mwanasheria nani anamiliki unachoandika, maana ukituma kiraka unathibitisha kwamba una haki ya kukitoa kwa leseni ya mradi. Na usibandike kamwe logi zenye majina au namba za wanachama kwenye tiketi ya wazi. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya 2019 hazina msamaha kwa aliyekuwa anatafuta kasoro.

Anza na ukurasa wa mikopo. Washa `hibernate.generate_statistics`, andika idadi ya kauli kabla na baada. Ikibaki zaidi ya 5, nitumie ramani za klasi tatu, `Mkopo`, `Mwanachama` na `Rejesho`, bila data yoyote ndani, pamoja na namba ya toleo la Hibernate unalotumia.